Chumvi Chini ya Mnara

Leo nimejivua nguo mbele ya chifu na Masara nzima. (Nguo za heshima. Zile zingine bado ninazo, ingawa zina matope.) Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wenye video.

Saa mbili asubuhi niko jikoni nakoroga uji. Hawi wangu, miaka mitatu, anaingia mdomo mweusi tii kama tako la sufuria ya matanga. Analamba vidole, kimoja baada ya kingine, kwa raha zake.

"Hawi, umekula nini?"

"Chumbi."

"Chumvi ya wapi?"

"Ya kule."

Nikafuata kidole. Kule ni kwa mnara wa simu.

Hapo ndipo subira yangu ilipokufa. Nilikuwa nimeilea wiki tatu kama kuku anayelalia mayai, na leo ikafa hapo hapo jikoni, bila kuaga. Uji nimeuacha ukiwa maji. Nimeshika jembe.

Asiyelijua boma letu aelewe hivi. Mnara umesimama kwenye kona ya shamba la baba mkwe, hatua chache kutoka mlango wangu. Walipoujenga walisema utatuletea maendeleo. Wiki tatu zilizopita maendeleo yakafika: mwizi alikuja akakata waya nene ya shaba inayoshuka kutoka mnara kuingia ardhini, akaenda kuiuza. Tangu siku hiyo fensi ya chuma inayozunguka mnara inauma. Ndiyo, fensi inauma. Ukiigusa jua likiwaka inakutekenya. Ukiigusa mvua imenyesha, unasikia ukiitwa kwa jina lako lote la ubatizo.

Hawi aliigusa mvua imenyesha. Alilia mpaka sauti ikakauka, na mkono ukatetemeka hadi jioni.

Nikapiga simu kwa kampuni. Muziki. Bonyeza moja. Muziki tena. Akaja dada mwenye sauti ya asali.

"Mpendwa mteja, fensi inauma kwa namna gani?"

"Inauma kama fensi! Imemuuma mtoto!"

"Pole sana. Umejaribu kuzima simu na kuiwasha tena?"

"Dada, ni fensi!"

Simu ikakatika. (Nilikuwa nimesimama chini ya mnara wao.)

Nilipiga mara saba. Mara saba fundi yuko njiani kutoka Homa Bay. Njia gani hiyo? Hata mtu anayetoka Homa Bay kwa miguu, akichunga mbuzi wagonjwa, angekuwa ameshafika na kurudi. Jana nikachoka kungoja, nikampeleka Hawi kliniki Rongo wauangalie ule mkono. Daktari akasema uko sawa, lakini akaninyooshea kidole: "Mama, bahati ya namna hii haiji mara mbili." Mume wangu alikuwa kwenye mashimo ya dhahabu, baba mkwe alikuwa shambani. Kwa hivyo jana boma lilishinda tupu. Kumbukeni hilo.

Sasa leo, na jembe begani, nafika kwa mnara. Nje ya fensi, hapo hapo Hawi anapochezea, udongo ni mbichi. Umechimbwa na kufukiwa. Kijiko cha Hawi kimesimama katikati kama bendera. Na ndani ya udongo naona vipande vya makaa na chembe nyeupe. Nikaonja. (Msiniulize kwa nini nilionja.) Chumvi!

"Nyar Kisegi!" nikaita. "Nani amechimba hapa?"

Nyar Kisegi ni jirani yangu. Alizaliwa Kisegi, na kwetu mke huitwa kwa mtoto wake, kama mimi Min Hawi, mama Hawi, au kwa alikotoka hata meno yote yakiisha. Anauza dagaa wa omena na habari. Habari ndizo huisha kwanza.

"Min Hawi, mimi nilinyamaza tu," akasema, naye hajawahi kunyamaza tangu aolewe. "Jana walikuja wanaume wawili na pikapu. Hawakusalimia hata mbwa. Wakachimba. Wakamwaga makaa. Wakamwaga chumvi, gunia zima! Wakamwaga maji. Halafu tena makaa, tena chumvi."

"Wakisema nini?"

"Mmoja alishika karatasi. Anasoma polepole, midomo inacheza, mwenzake anamwaga. Anasoma, anamwaga. Wakachomeka misumari mirefu chini, kwa mstari, mpaka karibu na mlango wako. Wakafunga nyuzi kwenye kisanduku. Wakainama kusikiliza udongo."

"Na udongo ukasema nini?"

"Sijui, lakini mmoja alifurahi sana."

Alifurahi sana!

Nyinyi mnaonisoma kutoka mijini mtacheka, lakini kwetu hakuna kuzika kitu kwenye boma la mtu kabla mwenye boma hajajua. Hata ukizika paka, unaaga kwanza. Anayezika kimyakimya amekutangazia vita, na alichozika kina jina: bilo, dawa ya kuloga. Mimi ni mtu wa kidato cha nne. Cheti kiko ndani ya sanduku. Siamini uchawi. (Yaani siamini uchawi ulio kwa watu wengine. Ukizikwa kwa mlango wangu naanza kufikiria.) Na hesabu ilikuwa inakubali. Nimewasumbua mara saba. Wameona ni rahisi kuninyamazisha mimi kuliko kutengeneza fensi. Badala ya fundi wametuma mganga, na mtoto wangu ameila dawa kwa kijiko!

Nikamwosha Hawi mdomo, nikamkabidhi Nyar Kisegi, nikaanza kuchimba. Nilichimba kwa hasira ya wiki tatu. Makaa, chumvi, makaa, chumvi. Kisha jembe likalia *ting!* Nikaona fimbo ya shaba imesimama wima ardhini, inang'aa, na imefungwa waya nene iliyovishwa plastiki ya kijani na manjano.

Nyar Kisegi akapiga nduru. "Uwi! Imevalishwa rangi mbili! Min Hawi, hiyo ni ya kumaliza ukoo!"

"Nifanye nini?"

"Kata!"

Nikakata. Jembe mara tatu, waya ikaachia. Fimbo yenyewe ilikataa kutoka, imeenda chini kama mzizi wa mwarobaini, nikaiacha. Chumvi na makaa nikajaza kwenye gunia la omena. Waya nikaivaa shingoni, mizunguko mitatu, kama mheshimiwa aliyevishwa shada. Safari kwa chifu ikaanza.

Nimepita katikati ya soko la Masara hivyo. Jembe begani, gunia kichwani, shaba shingoni. Watu wakaacha kupima unga.

"Yawa, Min Hawi," mama mmoja akaniambia kwa huzuni, "hata wewe?"

Nikaona huyu amenihurumia kwa kulogwa. "Hata mimi!" nikamjibu kwa sauti, soko zima lisikie. "Wamenifikia hadi nyumbani!"

Abdi mwenye duka akatoka nje mbio. Ni mtu mpole, alikuja huku miaka mingi iliyopita kutoka pande za Garissa, na Dholuo chake, lugha yetu, kimenishinda mimi. Akatazama gunia. "Mama Hawi, hiyo chumvi..."

"Usinizuie Abdi!"

"Sikuzuii mama, lakini hiyo chumvi..."

"Nitaongea mbele ya serikali!"

Kwa chifu kumejaa. Kumbe leo kuna baraza. Mbele, karibu na meza ya chifu, amesimama mwanamume mwenye kofia ngumu na koti la kung'aa, anahutubia. Sikungoja kusikia anasema nini. (Laiti ningengoja. Dakika moja tu. Niko tayari kutoa kuku kwa ajili ya dakika hiyo moja.) Nikapenya katikati ya watu, nikatupa gunia mezani kwa chifu, makaa yakamrukia kwenye shati. Nikaivua waya shingoni, nikaiinua juu kwa mikono miwili.

"Chifu! Leo nimewashika! Ushahidi huu hapa!"

Watu wote wakageuza shingo.

Mwenye kofia ngumu akaitazama waya. Akanitazama mimi. Akalitazama jembe.

"Chifu," akasema taratibu, "ndiyo hiyo."

Chifu akapangusa makaa kifuani. "Mama Hawi. Huyu fundi amesimama hapa nusu saa nzima akituomba tumsaidie kumtafuta mtu anayekata waya za shaba za mnara. Amesema mtu huyo ni hatari kwa kijiji. Kumbe ungekuja mapema tungemaliza baraza mapema."

"Na hiyo ni mpya!" mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Imelala usiku mmoja tu! Mwizi wa siku hizi anajileta mwenyewe!"

Baraza likalipuka. Watu walicheka hadi wengine wakalazimika kushika miti. Askari wa chifu akasimama akirekebisha mshipi, na macho yake yako kwangu.

"Mimi si mwizi!" nikapiga kelele. "Nimefukua bilo! Watu wa kampuni wamezika chumvi na makaa kwa mlango wangu!"

Abdi alikuwa amefika, anahema. "Chifu, chumvi niliuza mimi. Niliwauliza, mna ng'ombe wangapi? Wakasema si ya ng'ombe, ni ya ardhi. Nikanyamaza. Mteja ni mteja."

Fundi, jina lake Mutua, akatoa karatasi mfukoni. Karatasi yenyewe! Imekunjwa mara nne, ina alama za vidole vyeusi. Nikarudi nyuma hatua moja. (Mbele ya watu wote. Mwenye cheti.)

"Mama, hii ndiyo niliyokuwa nikisoma jana," akasema. "Ni maagizo ya kazi. Yametoka kwenye viwango vya kimataifa. Mataifa yalikaa yakakubaliana namna ya kulinda mitambo ya simu isivurugwe na radi wala na umeme uliopotea njia, na namna ya kulinda watu wasidhuriwe na mitambo hiyo. Ile fimbo na ile waya ni njia. Radi ikipiga, au umeme ukivuja, unapita pale unaingia ardhini, badala ya kukaa kwenye fensi ukingoja mtoto aje. Chumvi na makaa ni ya kushika unyevu, udongo uupokee umeme vizuri."

"Na kile kisanduku?"

"Kinapima kama udongo unaupokea."

"Na mbona ulifurahi?"

Akainamisha kichwa kidogo. "Kipimo kilitoka kizuri sana, mama."

Halafu akaongeza, kwa upole ule unaoumiza kuliko matusi: "Tulikuja kwa sababu ya malalamiko yako. Tumeyapata saba. Yote yanasema fensi inauma."

Jamani. Wiki tatu nimelilia kitu kifungwe. Kimefungwa. Nimekifukua kwa jembe langu mwenyewe, nikakivaa shingoni, nikakipitisha sokoni, nikakileta kwa chifu.

"Mama, shuleni ulisoma fizikia?"

"Niliiacha kidato cha pili."

"Inaonekana," mzee wa nyuma akasema.

Lakini fundi hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia upande wa ziwa, mawingu yameanza kujikusanya meusi. "Waya umeikata saa ngapi?"

"Saa tatu hivi."

"Fensi imerudi ilivyokuwa saa hiyo hiyo. Ukiongeza mvua ni mbaya zaidi. Mtoto yuko wapi sasa?"

Sikumbuki kujibu. Nakumbuka miguu tu. Nilikimbia na kiatu kimoja, kingine kiko kwa chifu mpaka sasa. Nyuma yangu ilikuja pikapu ya fundi, chifu akiwa ndani, na nyuma ya pikapu baraza lote. Kichwani nina picha moja: kile kijiko, na mkono mdogo unanyooshwa kwenye chuma chenye maji. Matone ya kwanza yakanipata kwenye kona ya boma.

Nikamwona Nyar Kisegi amesimama mbali, chini ya paa la nyumba yake, Hawi mgongoni amefungwa kwa leso mbili, moja juu ya nyingine. Ametandaza matawi ya miiba kuzunguka mnara wote. Ana fimbo mkononi.

"Usisogee!" akamfokea mtoto wa mtu aliyekuja na baraza. "Kuna bilo! Hata kuku wangu nimefukuza!"

Hawi alikuwa amelala, domo wazi.

Nikakaa chini kwenye matope, nikalia kidogo. (Hiyo sehemu iko kwenye video pia. Asanteni.)

Nilipofuta macho nikaona kitu ambacho nimekipita kila siku bila kukiona. Kwenye fensi kuna kibao cha kampuni cha kuonya watu. Kidogo kama kitambulisho. Kimeandikwa Kiingereza. Kinaning'inia kwa msumari mmoja, na kimetazama ndani, kinauonya mnara. Fundi Mutua naye alikuwa anakitazama. Macho yetu yakakutana. Sauti yangu ikarudi.

"Fundi, karatasi yako inasema shimo liende chini kiasi gani?"

"Inasema, mama."

"Inasema chumvi iwekwe namna gani?"

"Inasema."

"Ni wapi inasema mbishe hodi?"

Naapa alifunua. Aliifungua karatasi ile, akageuza huku, akageuza kule, akasoma mpaka chini. (Kwa hilo namheshimu.) "Haisemi, mama."

"Mataifa yote yalikaa kikao, hakuna hata mama mmoja wa kuwakumbusha salamu?"

"Hatukutaka kuwasumbua. Tulikuta boma halina watu."

"Nyar Kisegi alikuwa hapo na macho yake mawili! Mngemwambia 'mama habari, tunafunga waya ya fensi', angetangaza mpaka Tanzania bila malipo! Hamkutaka kusumbua! Fensi yenu imetusumbua wiki tatu, na leo uchawi ambao haupo umemlinda mtoto wangu kuliko kibao chenu!"

Chifu akakohoa. Safari hii baraza halikunicheka mimi.

Msidhani aibu iliishia hapo. Mvua ilikuwa ya kupita tu, na fundi alipozima umeme wa mnara akawa tayari kurudisha kila kitu chini. Lakini mwenzake alikuwa amerudi Homa Bay kuchukua vifaa. Alihitaji mtu wa kumsomea hatua huku yeye akifunga na kumwaga.

"Mama Hawi ana kidato cha nne," chifu akasema, uso mkavu kabisa. "Asome."

Nikasoma. Nimesimama kando ya shimo, nusu peku, karatasi mkononi, nasoma polepole kwa sababu maneno ni magumu, midomo inacheza. Mutua anamwaga. Nasoma, anamwaga. Makaa, chumvi, maji. Akina mama watatu waliotoka sokoni, ambao hawakuwa kwenye baraza, wakafika wakaona hayo. Mmoja akafanya ishara ya msalaba. Wote watatu wakavuka wakapitia shamba la mahindi.

Misumari ikachomekwa. Kisanduku kikafungwa nyuzi. Tukainama wote wawili. Namba ikatokea. Mutua akatabasamu. Na mimi, watu wangu, mimi mwenyewe, nikafurahi sana.

Umeme ukarudishwa. Nikamwambia Mutua aishike fensi kwanza. Akaishika.

"Shikilia," nikasema.

Akashikilia, fensi bado inadondosha maji ya mvua. Haikumuuma. Nikaishika mimi pia. Chuma baridi tu. Hapo moyo ukarudi mahali pake.

"Basi mama, tumemaliza," akasema akikusanya vyombo.

"Sisi hatujamaliza. Leta fomu ya malalamiko."

"Lakini si imetengenezwa?"

"Leta fomu."

Alikuwa nazo kwenye pikapu, rundo zima, safi, hazijawahi kuguswa na binadamu. Nimeiandikia juu ya boneti, chifu akiwa kando yangu. Palipoulizwa aina ya tatizo nimeandika: kuzika vitu kwenye boma la watu bila salamu. Palipoulizwa madhara: mtoto wa miaka mitatu aliumwa na fensi, na baadaye akala sehemu ya mtambo. Nimeomba shimo lifunikwe kwa zege ambayo kijiko hakiwezi kuishinda. Nimeomba kibao kikubwa, cha Dholuo na Kiswahili, kitazame nje waliko watu. Nimeomba kila fundi abishe hodi kwanza, karatasi yake iseme isiseme.

Halafu nikafika mahali palipoulizwa: ni nani aliyeharibu kifaa? Nikatafuna kalamu. Nyar Kisegi akatazama pembeni kama mtu anayeona ndege. Nikaandika majina yangu, yote matatu. Chini yake pameulizwa sababu. Nikaandika: hakuambiwa.

Mutua amesaini kwamba ameipokea na ataifikisha ofisini Homa Bay. Chifu amegonga muhuri, akatazama, akagonga tena kwa sababu wino ulikuwa hafifu. Mlalamikaji ni mimi, mharibifu ni mimi, mashahidi ni baraza zima. Nakala yangu ninayo. Anayetaka kunicheka aje na yake, na iwe na muhuri.